Wakuu, lantana, lile gugu vamizi, imemeza kichaka cha babu huku Shinyalu. Dawa gani itaiua bila kugusa miti mikubwa?

MwanaShinyalu
Habari zenu wakubwa. Nyuma ya boma letu kuna kipande cha msitu wa asili, tuliachiwa na babu. Kuna miti ya kienyeji, musutsu na lusiola za zamani, zingine watu wawili hawazikumbatii wakafikiana mikono. Sasa chini hakupitiki. Lantana imefika kifuani na mipera imeota kila mahali. Nitajieni dawa ya kunyunyiza inayokausha hivyo viwili peke yake, na bei yake Kakamega mjini. Picha nimeweka. Hotuba sitaki, nina haraka.

jaDunga
Pole ndugu. Sisi huku Ziwa Victoria tumelizwa na gugumaji. Unatoka na boti asubuhi ufuo uko wazi, ukirudi umefungwa, samaki wanakuozea mkononi huku nchi kavu unaiona. Miaka ya 1990 wakaletwa wadudu wadogo wa kulila. Likapungua, likarudi. Anayekuahidi dawa ya kumaliza mara moja anataka pesa zako tu.

MamaWaKhayega
Lantana iliniulia mtamba. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimeisha, akaingia kichakani. Macho yakawa manjano, ngozi ya puani ikababuka, na jua hakulitaka kabisa, anashinda amejibanza ukutani. Daktari wa mifugo akasema ni ini. Funga ng'ombe wako kwanza, mengine baadaye.

Bwana_Miche
Nina kitalu, nitajibu ulichouliza. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayochagua hivyo. Glaifoseti, ile dawa ya magugu, itakausha lantana pamoja na miche ya musutsu iliyo chini yake. Kata karibu na ardhi, kisha paka kisiki dawa papo hapo kabla hakijakauka. Midogo ng'oa kwa jembe, utoe na kichwa cha mzizi, kabla haijazaa, maana ndege wakishakula zile tunda nyeusi umeanza upya. Ukifyeka tu inachipuka. Ukichoma inarudi kwa fujo zaidi. Halafu utarudia msimu baada ya msimu.
Sasa niulize: haraka ya nini? Na mipera imekukosea nini?

MwanaShinyalu
Mipera ni mti wa kigeni, imetoka Amerika kama lantana. Si mnasema mimea vamizi iondolewe?

Bwana_Miche
Sijauliza imetoka wapi.

MwanaShinyalu
Sawa. Kuna mtu wa makaa amenipa advansi ya mipera yote. Vijana wake wanakuja Jumamosi. Ada ya mtoto haingoji, na msitu unasafishwa bure. Ubaya uko wapi?

Mzee_wa_Kanisa
Babu yako angefufuka akuone!

kidole_juu
Angefufuka angeuliza fungu lake la advansi liko wapi.

Bwana_Miche
Ubaya ni jua. Lantana inapenda mwanga, kivuli kinaidhoofisha. Ukiangusha mipera yote siku moja utakuwa umeifungulia mlango, na visiki vya mipera navyo vitachipuka. Isitoshe, mashambani kandokando ya msitu wa Kakamega watafiti walikuta miche ya miti ya msitu ikiota chini ya mipera. Ndege wanafuata mapera, wanaacha na mbegu walizokula kwingine. Ilichapishwa 2008. Si kwamba mpera ni malaika, ukiziba nafasi yote unasumbua. Punguza kidogo kidogo, kila unapotoa panda mche wa kienyeji. Na hicho kipande, kiko ndani ya bikoni zenu, alama za mpaka?

MwanaShinyalu
Sehemu. Mipera mingi iko ng'ambo ya bikoni. Lakini babu alichunga huko kabla hizo bikoni hazijawekwa.

kidole_juu
Msitu wa Kakamega ulitangazwa wa hifadhi 1933. Babu alichunga akiwa tumboni?

MamaWaKhayega
Mwanangu, hapo ni msitu wa serikali! Makaa bila kibali watakushika wewe. Huyo mnunuzi atakuwa ameshafika Mumias.

Gilgil_Mkavu
Ngojeni. Mmeiangalia hiyo picha? Hiyo ni leleshwa. Majani yana weupe, ukiyafikicha yananukia kafuri. Iko kwa wingi huku kwetu, Naivasha hadi Nakuru, mahali pakavu. Shinyalu mvua inanyesha kila jioni. Hii ni hekaya, mmedanganywa.

kidole_juu
😂😂 Nilijua. Wiki ijayo atauza mipera ya Ngong.

MwanaShinyalu
Hiyo picha niliipiga Gilgil kwa shemeji, simu ikapandisha isiyofaa. Sina sababu ya kutunga.

Gilgil_Mkavu
Shemeji upande gani wa Gilgil? Na makaa ya leleshwa anauza gunia ngapi?

jaDunga
Mwacheni. Mtu wa hekaya angejipa msitu mzima, asingejitia hatiani na bikoni.

Bwana_Miche
Iwe kweli au la, lantana ni hiyo hiyo. Kabla ya Jumamosi nenda ofisi ya misitu, omba askari wa msitu akuonyeshe bikoni zote. Hesabu mipera iliyo upande wako peke yake, ndipo ujue mtu wa makaa unamrudishia kiasi gani.

MwanaShinyalu
Nusu ya advansi imeshaingia shuleni. Anakubali kulipwa kwa kuni za lantana kweli?

MamaWaKhayega
Hakubali. Muuzie mtamba mmoja jirani, umalize na huyo mtu leo.