Tupeane uzoefu: Kidato cha nne, msongo, mapenzi na mazoezi

MleziBweni
Wakuu, Novemba ya mtihani wa kidato cha nne hiyo inakuja. Maswali ya wazazi ni yale yale: mtoto halali, ana mtu, hataki michezo. Tuweke hapa mbinu zenye vipimo, visa vya maisha tuviache.

Naanza na usingizi, maana mengi yanayoitwa msongo huanzia hapo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Prepu ikiisha saa nne usiku na kengele ikilia saa kumi na moja alfajiri, ni saa 7 tu, na hapo hujawahesabu wanaopiga msuli kwa tochi chini ya shuka. Kukesha kunawala wenyewe: ubongo huyapanga yaliyosomwa wakati mtu amelala. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vingi vina kafeini miligramu 30 hivi kwa kila mililita 100, na kijana asizidishe miligramu 100 kwa siku. Chupa moja tu imeshamfikisha karibu na ukomo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo iliyonywewa saa mbili usiku bado inamchezesha macho saa saba.

NesiWaVijana
Naongezea kuhusu "kifua kinabana" mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kijana anahema haraka mno, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinazunguka, naye anadhani anakufa. Kosa kubwa ni kumwambia "vuta pumzi ndefu, vuta tena!" Unamzidishia. Mkalishe, watu wamwachie nafasi. Aanze kwa kutoa hewa, kisha avute puani kwa hesabu ya 4 na kutoa mdomoni kwa hesabu ya 6, taratibu kama anayepoza chai. Dakika 5 kwa kawaida hutosha. Kifua kikipiga filimbi, au akizimia katikati ya mbio, hiyo si hofu ya mtihani. Apelekwe hospitali.

Jingine: binti mchovu, moyo unakwenda mbio akipanda ngazi, na anatafuna udongo wa pemba. Msipoteze muda kumpa nasaha, mpimeni wingi wa damu. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Dagaa, maharage na matembele, akamulie ndimu juu, maana vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai inayazuia, basi aisogeze saa moja baada ya chakula. Chakula peke yake hakitoshi damu ikiwa imeshuka sana. Hapo daktari ataamua vidonge.

KochaMchangani
Mazoezi ni dakika 60 kwa siku, na si lazima ziwe za mfululizo. Kutembea haraka kwenda shule kunahesabika. Kipimo: aweze kuongea lakini ashindwe kuimba. Siku 3 kwa wiki aweke ya kujenga misuli. Pushapu zianzie ukutani, akifika 15 bila kiuno kulegea ahamie kwenye benchi, halafu sakafuni. Vyuma vya zege vya mtaani viacheni, uzito wa pande mbili haulingani.

Goti likiuma kwenye kinundu chini ya kilegesambwa, hasa kwa anayerefuka haraka, ni kano inavuta mfupa ambao bado unakua. Apunguze kuruka na kukimbia, aweke barafu dakika 15 iliyofungwa kitambaani. Kuchua kwa nguvu kunaongeza uchungu.

DadaShauri
Mapenzi. Wafundisheni kusema "hapana, sitaki" bila kutaja sababu. Ukitoa sababu, mwenzio anaanza kuitatua: "huna nauli? natuma bodaboda."

Akitishiwa kwa picha zake, asilipe, asitume nyingine, asifute mazungumzo. Anakili namba na tarehe, aende na mtu mzima Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au apige 116, ni bure Tanzania na Kenya. Mzazi, usiisambaze picha hiyo hata kwa shangazi "aone".

Akibakwa, hospitali ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda. Asioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu ndani na kuharibu ushahidi.

MleziBweni
Kocha, wiki yenyewe ya mtihani wafanyeje?

KochaMchangani
Kutembea na kunyoosha viungo tu, dakika 20. Zoezi jipya wasijaribu. Maumivu ya misuli hushika kasi siku ya pili au ya tatu, na pushapu za Jumamosi zitamkuta Jumatatu ameshika kalamu.