Dola 4 kwa mwaka: Waanishinabe waliuza ardhi au waligawana?

Kigoda: Wakuu, naishi Ontario huku Kanada. Mwaka 1850 bwana Robinson, aliyetumwa na serikali ya kikoloni, alisaini mkataba wa ardhi na machifu wa Waanishinabe, wenyeji wa asili wa Ziwa Huron, akiwemo Shingwaukonse wa Garden River, wakapewa pauni 2,000 mkononi na 600 kila mwaka, na ahadi kuwa ardhi ikiingiza zaidi hela itaongezwa. Ikapanda 1875 ikafika dola 4 kwa kichwa, ikagota hapohapo. Sasa hapo waliuza au waligawana?

MtotoWaBukoba: Wahindi Wekundu waliuza, saini ni saini. Mtu hajui kusoma anachora alama halafu wajukuu wanalia.

Asha_T: Wahindi Wekundu ndo kina nani? Wahindi wako Gujarat. Columbus kapotea njia na wewe unamfuata nyuma?

MtotoWaBukoba: Dada tulia, sheria yenyewe ya Kanada ya 1876 inaitwa Sheria ya Wahindi na ipo mpaka leo. Na daraja la reli la hapohapo Garden River limeandikwa kabisa hii ni ardhi ya Wahindi, nenda kalifute.

Asha_T: Wameandika wenyewe! Mimi nikijiita Mswahili sawa, ila wewe ukiniita Mswahili huku umebetua mdomo hilo tusi, unajua vizuri tu

Olesanaa: Mi imeniuma hiyo ya kutojua kusoma. 1849, kabla ya mkataba, huyo mzee Shingwaukonse na wenzake walienda Mica Bay wakafunga mgodi wa shaba uliofunguliwa kwao bila ruhusa, ndo serikali ikakumbuka kumtuma Robinson, sasa huyo mjinga ni nani? Wazee wetu Wamaasai nao 1904 waliahidiwa Laikipia maadamu Wamaasai wapo, 1911 wakaswagwa kusini, wakaenda kortini 1913 wakaambiwa mkataba ni wa nchi na nchi, korti haihusiki. Hata ungekuwa profesa.

Kigoda: Jamani swali langu… Mahakama ya Juu 2024 ilisema serikali imeifanyia mzaha ahadi yake. Watu wa Huron, jamii 21, walishakubaliana na serikali bilioni 10 za malimbikizo.

Asha_T: Bukoba bado hajaomba radhi.

MtotoWaBukoba: Bilioni 10 za dola?? Haya basi, Waanishinabe. Wanagawana kwa kichwa au inakaa kwa chifu?