Vitabu vya sauti nilivyomaliza karibuni: mwandishi asome mwenyewe, msimulizi mmoja, au kundi zima?

Kurasa_Bubu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimetoka kusikiliza vitabu kadhaa vya sauti mfululizo, vyote vya Kiingereza, na kila kimoja kimesomwa kwa mtindo wake. Nani kaandika vizuri zaidi tuwaachie wahakiki. Hapa nataka tupime usomaji: yupi alikusahaulisha kuwa una hedifoni masikioni, na yupi alikufanya utafute kitufe cha kusimamisha.

Naanza na Born a Crime, kumbukumbu za maisha ya mchekeshaji wa Afrika Kusini Trevor Noah, kama saa 9 hivi, anasoma mwenyewe. Kuna kisa cha siku ya mvua. Trevor ana miaka mitano, hataki kwenda choo cha nje, basi anatandika gazeti sakafuni na kujisaidia humo humo ndani. Tatizo ni kwamba bibi kizee wa familia, Koko, yumo mle ndani. Koko ni kipofu, hamwoni, lakini anasikia mchakacho, kisha harufu inamfikia, anaanza kuuliza kuna nani. Kwenye karatasi nilicheka nikapita. Kwenye sauti nilizuia pumzi, kwa sababu msikilizaji yuko pale pale alipo Koko: haoni kitu, ana masikio tu. Na Noah akiingia Kixhosa au Kizulu ulimi haukwami, maana ndivyo alivyokulia. Mtu wa kukodiwa angeifanyia mazoezi ile mistari na bado ungemshtukia.

Americanah cha Chimamanda Ngozi Adichie kimesomwa na Adjoa Andoh, saa 17 na ushee. Mtihani wake ni lafudhi: Wanaijeria wa Lagos, Wanaijeria wa London, Wamarekani weusi, Wamarekani weupe, wote kutoka koo moja la msomaji. Kuna sehemu Ifemelu, mhusika mkuu, Mnaijeria aliyehamia Marekani, ambaye amekuwa akiigiza Kiingereza cha Kimarekani, anapigiwa simu na kijana anayeuza huduma za simu. Kijana anamsifu, anaongea kama Mmarekani kabisa. Ifemelu anashukuru, anakata simu, halafu aibu inamjaa, na hapo anaamua kuitua ile lafudhi. Mwandishi akishasema hivyo kazi yake imeisha. Msomaji ndiye anabaki na deni, kwa sababu kuanzia ukurasa huo sauti ya Ifemelu lazima ibadilike na wewe uisikie. Andoh analilipa.

Project Hail Mary cha Andy Weir, msomaji Ray Porter, saa 16. (Nafichua kidogo, asiyetaka aruke aya hii.) Humo yumo kiumbe wa sayari nyingine anayeongea kwa nota za muziki. Kitabu cha karatasi kinakuchorea alama za muziki na kukuambia ujisikilizie mwenyewe akilini. Cha sauti kimeweka nota zenyewe. Hiki ndicho kitabu pekee kati ya hivi ambacho nadiriki kusema aliyekisoma kwa macho amepunjwa. Mwaka 2022 kilipewa tuzo ya Audie ya kitabu bora cha sauti cha mwaka, na sioni wa kubisha.

Mwisho Lincoln in the Bardo, riwaya ya George Saunders. Sauti 166! Waigizaji, wachekeshaji, jamaa na marafiki, hadi mwandishi mwenyewe yumo. Kilinishinda kukipenda. Kuna sura zilizojengwa kwa nukuu za vitabu vya historia, na kila nukuu ikiisha unasomewa chanzo chake. Jicho huvipita vitu hivyo bila kujua limepita. Sikio halina pa kupitia.

Mpangilio wangu: Porter, Noah, Andoh, na hilo kundi mkiani. Kanuni yangu: maisha yako yasome mwenyewe, riwaya mpe fundi. Haya, nipigeni mawe.

---

Sauti_ya_Radi

Mkuu, jiwe la kwanza hili hapa. Bardo umekisikiliza ukiwa unafanya nini? Kama ulikuwa unaosha vyombo, basi lawama si ya kile kitabu. Ni usiku mmoja wa mwaka 1862, makaburini, Rais Lincoln anamfuata mwanawe Willie aliyefariki, na wafu wote pale wana la kusema na hakuna anayemsubiri mwenzake. Ukimpa msomaji mmoja kazi hiyo unapata mtu mmoja anayejifanya umati. Zile sauti kugongana ndiyo hadithi yenyewe.

Mimi nilikisikiliza huku nimekifungua mkononi. Nusu saa ya kwanza ni mateso, sikatai. Baada ya hapo wasomaji kama Nick Offerman na David Sedaris wanakuwa majirani zako, unawajua kwa kukohoa tu.

---

Kurasa_Bubu

Kitabu cha sauti kinachonidai nishike na cha karatasi kimeshindwa kazi yake, ndugu yangu. Nilikuwa natembea, wala sikuwa na vyombo.

---

Mzee_Kaseti

Kanuni ya "riwaya mpe fundi" ina tobo kubwa linaloitwa Toni Morrison. Riwaya yake Beloved aliisoma mwenyewe. Haigizi mtu, habadilishi sauti kwa wahusika, anasoma taratibu kwa sauti ya chini kama mtu asiye na haraka na yeyote, na unajikuta unasogea karibu na spika. Kuna sentensi za Morrison nilizozisoma kwa macho mara nyingi bila kujua uzito uko neno gani. Yeye anajua, kwa sababu ndiye aliyeuweka.

Ila nakubali wengi si Morrison. Kuna waandishi wanasoma vitabu vyao kama karani anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Kabla ya kununua, sikiliza sampuli, na usiishie kwenye dakika za mwanzo tu, maana utangulizi kila mtu anausoma vizuri. Kama programu inaruhusu, rukia kwenye mazungumzo ya watu wawili. Hapo ndipo mtu hufichuka.

---

SpidiMbili

Mnabishana lafudhi, mimi vyote nilivisikiliza kwa spidi ya mara mbili, vyote vizuri tu 😂 Saa 17 nani anazo?

---

Dada_Ukurasa

@SpidiMbili wewe hukusikiliza, ulipitia. Ule ukimya anaouacha msomaji baada ya habari mbaya umelipiwa na wewe, halafu unaukata!

---

Nukta_Sita

Naomba niingie, maana mada hii kwangu si burudani ya njiani. Sioni tangu utotoni. Nasoma kwa vidole na kwa masikio, na masikio ndiyo yanayofanya kazi kubwa.

Kwanza kidogo cha nyuma. Vitabu vya sauti havikuanza kwa ajili ya watu wanaotembea au kuendesha magari. Uingereza huduma ya vitabu vya kusikiliza ilianza mwaka 1935, na waliokuwa wakifikiriwa kwanza ni wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao ukubwani maandishi ya nukta (Braille) yaliwashinda. Miongoni mwa vya mwanzo kabisa kilikuwemo The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie. Vilirekodiwa kwenye santuri, upande mmoja ukibeba dakika kama 25, kwa hiyo riwaya moja ilifika kwako kama mzigo wa santuri kumi hivi. Hebu fikiria unafika kwenye jina la muuaji, na sindano inafika mwisho wa upande.

Kutokana na huko kuna mila ya usomaji ambayo wengi hapa hamjaitaja: msomaji anasoma, haigizi. Anatofautisha wahusika kidogo tu, usipotee, na mengine anakuachia. Mnaoona mkifungua kitabu, sauti ya mhusika mnajitengenezea wenyewe. Kwa nini mimi nitengenezewe? Adjoa Andoh ni mwigizaji hodari, lakini kuna nyakati natamani apunguze nusu, nibaki na Ifemelu wangu. Kundi la watu 166 sizungumzii, hilo kwangu ni tamthilia ya redio. Nzuri kama tamthilia. Sijasoma kitabu.

Kuhusu spidi, msimulizi wa kawaida hutamka maneno 150 hadi 160 kwa dakika. Mnaoona husoma kimya kwa kasi zaidi ya hapo na hakuna anayewaambia mnapitia. Sikio likizoea, mara moja na nusu ni mwendo wa kawaida, na programu za sasa hazinyanyui sauti ikawa ya chiriku. @Dada_Ukurasa, ule ukimya haukatwi. Unafupishwa kwa kipimo kile kile cha maneno, uwiano wake unabaki.

---

Dada_Ukurasa

Shikamoo kaka Nukta, hapo kwenye uwiano umenifunga mdomo. Lakini mzaha hauna uwiano. Mchekeshaji anapima kimya kwa sekunde, na Noah ni mchekeshaji. Jaribu kisa cha gazeti na Koko kwa mara moja na nusu, halafu kwa spidi yake.

---

Nukta_Sita

Marahaba. Noah simgusi spidi. Hilo nakupa.

---

Fundi_Waya

Mbona hamjagusa sauti za mashine? Siku hizi vitabu vingi vinatoka vimesomwa na kompyuta, na kwa dakika chache huwezi kutambua. Kitabu cha maelezo, cha historia, cha kujifunza kazi, mimi sioni ubaya.

---

Mzee_Kaseti

Kwa dakika chache, sawa. Tatizo ni saa ya tatu. Mashine inasoma sentensi vizuri, ila haijui kuwa sentensi hii inajibu ile ya sura ya pili. Mkazo unaangukia popote. Kejeli nayo inasomwa kama tangazo la kuahirishwa kwa mkutano.

---

Nukta_Sita

Mimi naishi na sauti ya mashine kutwa: ujumbe, barua pepe, hata jukwaa hili linasomwa na mashine muda huu, pamoja na ile alama ya kicheko ya SpidiMbili. Ndiyo maana riwaya naitaka kwa mtu, asiyeigiza lakini mwenye pumzi. Kwa kitabu cha maelezo namuunga mkono Fundi, mradi wapange vichwa vya habari vizuri. Vitabu vilivyotengenezwa kwa mfumo wa DAISY kwa ajili yetu vinakuruhusu kuruka sura hadi sura, kichwa kidogo hadi kichwa kidogo, hata ukurasa. Vingi vya kibiashara vinakupa "Sura ya 14" yenye saa nzima ndani na kitufe cha kurudi sekunde 30. Kwa kitabu cha marejeo hiyo ni adhabu. Na zile nukuu za Bardo alizozilalamikia mwanzisha mada, zingewekewa alama za kuruka, kesi ingeisha.

---

Dada_Ukurasa

Kuna kundi lingine tumelisahau: wale wa kujitolea wa LibriVox, wanaosoma vitabu na kuviweka mtandaoni, walioanza mwaka 2005. Vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, bure kabisa. Usiwadharau. Humo kuna wasomaji wanaoweza kumwaibisha mtu wa kulipwa, na kuna wanaosoma na mbwa wanabweka nyuma. Kero yangu ni moja: riwaya ikigawiwa watu tofauti, sura ya tano shujaa ana sauti ya mzee, sura ya sita amekuwa binti. Kwenye ukurasa wa kitabu angalia kwanza jina la msomaji. Likiwa moja toka mwanzo hadi mwisho, shusha.

---

Sauti_ya_Radi

Ajabu, mtu anavumilia hilo na kushindwa Bardo 😅

---

Mgeni_Masikio

Samahani wakubwa, mimi sijawahi kumaliza hata kimoja. Nikifika dakika ya kumi akili inahama, nikirudi naambiwa mtu fulani amekufa na simjui alikuwa nani. Nianze na kipi?

---

Kurasa_Bubu

Karibu sana. Anza na Noah. Kila sura ni kisa kinachojitegemea, ukipotea kimoja unapanda kinachofuata bila deni. Americanah iache kwanza: inakwenda mbele na kurudi nyuma miaka mingi, Ifemelu yuko saluni anasukwa, mara yuko sekondari na mpenzi wake Obinze, na sikio changa halijui limevuka lini. Project Hail Mary nayo ina kurudi nyuma, lakini Porter anakushika mkono.

Na usikilize ukiwa na kazi ya mikono isiyotaka maneno. Kukunja nguo sawa. Kujibu ujumbe hapana, maneno mawili hayapiti mlango mmoja.

---

Nukta_Sita

Ongeza hili: akili ikihama usirudishe sekunde 30 mara kumi. Rudi mwanzo wa sura, sikiliza upya. Na kama unasikilizia kitandani, weka kipima muda kizime chenyewe. La sivyo utaamka watu wote wameshaoana.

---

Sauti_ya_Radi

Na Bardo usianze nacho. Hilo tu ndilo ninalokubaliana na mwanzisha mada.

---

Mgeni_Masikio

Nimeanza Noah. Sura ya kwanza tu mama kamsukuma mtoto nje ya basi dogo linalotembea, na yeye mwenyewe karuka na kichanga mkononi. Halafu mbona nacheka?

---

Kurasa_Bubu

Subiri ufike kwa Koko. @Nukta_Sita, hizo riwaya zinazosomwa kwa mila ya zamani, bila kuigiza, kuna unazoweza kututajia? Nataka nijaribu moja kabla sijabadili mpangilio wangu.

---

Nukta_Sita

Umeshatajiwa na Mzee Kaseti. Beloved, Morrison mwenyewe. Kwa huyo hata mimi naweka spidi ya kawaida.