Kufunga ekskaveta kwenye lobedi, Tabora hadi Kigoma

Swali:
Ndugu zangu, natarajia kusafirisha ekskaveta (mashine ya kuchimba udongo) ya tani 20 kwa lobedi, yaani trela lenye sakafu ya chini, kutoka Tabora hadi Kigoma. Je, minyororo miwili inatosha?

Jibu:
Haitoshi, ndugu yangu. Tumia minne, mmoja kila pembe, na wa tano ushike mkono wa ndoo ulioshushwa hadi sakafuni. Jumla ya uwezo salama wa kazi wa minyororo hiyo isipungue nusu ya uzito wa mashine, yaani tani 10.

Jibu:
Naongeza kwamba uondoe tope kwenye nyayo zake kabla haijapanda, kwani chuma juu ya tope huteleza. Mwaka jana, baada ya kupita Urambo, nilikuta mnyororo umelegea kiasi cha ngumi kupita chini yake. Tangu siku hiyo husimama kukaza upya kabla ya kilomita 80 za mwanzo.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Natafuta mitatu mingine kabla ya kupakia.