504 yangu yanywa maji lakini chini pakavu

Mwana wa Barani
Assalamu alaykum wapenzi wa magari ya zamani. Nina Peugeot 504 ya petroli, injini ya 2000, niliyorithi kwa marehemu baba. Nikizunguka nayo hapa Malindi, Maweni hadi sokoni, hata nikivuka daraja la Sabaki nikafika Mambrui, haina neno. Lakini nikienda Kilifi na kurudi, kesho yake asubuhi rejeta imepungua karibu lita nzima, na maji yaliyobaki ni mekundu kama strungi. Chini ya gari hakuna hata tone. Fundi mmoja ataka kushusha silinda hedi, asema gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na injini, imeungua. Mwingine aniambia nivunje yai ndani ya rejeta niendelee na safari zangu. Oili ni nyeusi ya kawaida, moshi mweupe sioni. Nianzie wapi kabla sijamwaga pesa?

Kilifi Kona
Yai likaange ule. Likishaiva ndani ya rejeta halichagui lipi tundu na ipi njia ya maji, laziba vyote.

Ami Gereji
Wa alaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Hedi iache ilipo kwanza. Gasketi ikiungua huja na dalili zake: oili yageuka rangi ya maziwa, au rejeta yatoa mapovu mfululizo injini ikiunguruma, au hosi ya juu yawa ngumu mara tu baada ya kupiga stata. Wewe hujataja hata moja.

Na injini hiyo yataka heshima, gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975. Slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za maji, yaani maji yazunguka slivu yenyewe, na chini yake pana sili nyembamba. Ukinyanyua hedi, kisha mtu akazungusha injini kabla slivu hazijabanwa kwa bolti na washa, zapanda juu, sili zaharibika, na maji yashuka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Hapo umejinunulia uvujaji ambao hukuwa nao. Nimeona magari yaliyofunguliwa kwa kubahatisha, leo yafugiwa kuku.

Sasa jiulize kwa nini Mambrui salama na Kilifi taabu. Safari ndefu yaongeza moto, moto waongeza presha. Kazi ya kifuniko cha rejeta ni kuizuia hiyo presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Mpira wake ukikauka, maji hutoka kwa kijibomba cha pembeni ungali njiani, nawe ukifika nyumbani huoni kitu. Nunua kipya chenye namba ile ile ya cha zamani. Chenye nguvu zaidi kitakupasulia rejeta.

Halafu pampu ya maji. Chini ya shafti yake pana kitundu. Ukikiona kina mstari mweupe au wa kutu, sili imekufa. Wako wanaokiziba kwa gundi! Kimewekwa makusudi, maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Tazama kwa tochi asubuhi injini ikiwa baridi, maana tone likiangukia ekzosi ya moto hukauka, yabaki alama tu.

Na mahali ambapo sisi watu wa pwani hatupaangalii kamwe: hita. Nani ataka hita Malindi? Lakini maji yapita humo. Ni rejeta ndogo kamili, imejificha chini ya dashibodi. Inua zulia miguuni mwa abiria unambie.

Mama Land Rover
Naongeza la pampu ya kupimia presha. Hufungwa mahali pa kifuniko, injini imezimwa na imepoa kabisa (kifuniko cha rejeta ya moto usikiguse, wala kwa kitambaa). Wapiga kwa mkono hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha watazama mshale. Ukishuka, fuata unyevu taratibu bila kuungua vidole. Ukishuka na nje kote kukavu, ndani ya gari nako kukavu, hapo ndipo maneno ya hedi yana maana. Mimi sikubali fundi aguse injini ya Series III yangu kabla ya kipimo hicho.

Mwana wa Barani
Ami! Zulia limelowa, na doa ni la kutu. Mimi siku zote nadhani ni mvua ya masika yapenya mlangoni. Hita nyingine naipata wapi?

Ami Gereji
Ya nini? Unganisha hosi zake mbili kwa kipande cha bomba la shaba, klipu kila upande, maji yaendelee kuzunguka. Ukihamia Limuru kwenye baridi tutazungumza.

Kisha mwaga maji yote, fungua na koki ya bloku, yaani mwili wa injini, si ya rejeta pekee, usuuze hadi yatoke maangavu. Wekundu ule ni bloku ya chuma yaliwa na kutu, na maji ya visima vya huku yenye chumvi yazidisha. Tia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu, na nusu maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, soma chupa vizuri. Acha kifuniko wazi, injini iungurume hadi themostati, ile vali ifungukayo maji yakipata moto, ifunguke na mapovu yaishe, jazia, ndipo ufunge kwa kifuniko kipya. Ukishafika Kilifi na kurudi, subiri ipoe, upime maji tena.