Naomba ushauri: chaneli ya ufundi pikipiki, nibaki YouTube au nihamie Whatsapp?

Wadau habari zenu, nina chaneli ndogo YouTube ya ufundi wa pikipiki, wateja wengi ni vijana wa boda. Shida yangu ni kwamba naona hawa jamaa wanaoendesha mtandao wanazidi kuwa mbali na sisi tunaorekodi na hata na watazamaji wenyewe. Chukulia tu ile ya Novemba 2021 walivyoficha idadi ya dislaiki, hata Jawed Karim mmoja wa waanzilishi aliipinga hadharani lakini wapi. Kwa vichekesho sawa haina noma, ila kwa ufundi dogo anaangalia mtu anamwambia arekebishe valvu injini ikiwa bado ya moto, zamani angeona dislaiki zimejaa angekimbia, sasa hivi anajaribu kwenye chuma ya bosi, hesabu ya jioni inamsubiri.

Halafu kuna Shorts, zile video fupi za YouTube. Kila mtu anasema ndo zinasukumwa, ila mgao wetu wa pesa za matangazo huko ni asilimia 45, video ndefu 55, na saa 4,000 za kutazamwa ili kuingia kwenye malipo ya matangazo hazihesabu zile unazopata kwenye ukurasa wa Shorts. Sasa valvu unamfundishaje mtu kwa dakika tatu jamani?

Nawaza nihamishie watu kwenye grupu la Whatsapp la kulipia kidogo kwa mwezi, huku YouTube nibakize vionjo tu. Mliofanya hivyo, watu walilipa kweli au waliishia kusema "poa kaka ntakucheki"? Na bei mliweka ngapi?