Vifaru vya Mjerumani vita ya pili: mizinga ilikuwa kiboko kweli au sifa tu?

Chuma Mkavu: Wakuu nimechoka kusikia eti mizinga ya vifaru vya Mjerumani ilikuwa propaganda tupu. Chukua Panther. Mzinga wake milimita 75, sawasawa na Sherman ya Mmarekani, na hata uzito wa kombora haupishani sana, yote ni kilo 6 na kitu. Ila Sherman analitoa kwa mita kama 620 kwa sekunde, Panther zaidi ya 900. Siri ipo kwenye mtutu, urefu wake mara 70 ya upana wa tundu, yaani mita 5 na robo, baruti inasukuma mpaka basi. Sasa nani alikuwa na mzinga?

Babu Karakana: Namba za makaratasi hizo. Mzinga mzuri kwenye kifaru kilichokufa gia unamsaidia nani? Panther za kwanza ziliingia vitani Kursk, kule Urusi, Julai 1943, kama 200 hivi, nyingi zikalala kwa ubovu na mabomu ya ardhini. Mmarekani katoa Sherman karibu 50,000, Tiger ya kwanza, kifaru kizito cha Mjerumani, haikufika hata 1,400. Wanaoisifia ni watoto wa gemu.

Chuma Mkavu: Mtoto wa gemu mimi? Nimeyasoma haya miaka na miaka. Na nimeuliza MZINGA, gia umezileta wewe.

Nuru: Hiyo Tiger yenyewe watu wanapenda jina la 88 tu, yaani mzinga wake wa milimita 88. Kwa kutoboa chuma ile 75 ndefu ya Panther iliishinda 88 ya Tiger ya kwanza, maana mtutu wa Tiger ulikuwa mara 56. Halafu msisahau 1941, Mjerumani huyohuyo alikutana na T-34, kifaru cha Mrusi, akiwa na kimzinga cha milimita 37, askari wake wenyewe wakakibatiza jina la kibisha hodi, kinagonga hakiingii. Panther ilizaliwa na aibu ile.

Msafiri wa Rufiji: Mbona mnaenda mbali, mizinga ya Mjerumani si tunayo huku huku. Ile ya meli ya Königsberg, iliyoizamisha meli ya Mwingereza, Pegasus, pale Unguja 1914, vita ya kwanza. Meli ilipofia delta ya Rufiji 1915 waliitoa mizinga yote kumi ya milimita 105, wakaifunga magurudumu wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa, nimeushika kwa mkono wangu. Mjerumani fundi aisee.

Mama Kariakoo: Fundi nani? Huo mzinga ulitembea wenyewe? Ulivutwa kwa kamba na watu mamia, porini, kwenye tope, mtu anaanguka anaachwa hapo hapo. Jina Kariakoo limetokana na wapagazi wa vita ile, halafu unakuja kutusifia fundi!

Msafiri wa Rufiji: Dada sijamdharau mtu. Na wapagazi wa Kariakoo walikuwa wa Mwingereza, wa Mjerumani walikuwa wengine.

Mama Kariakoo: Bega la babu yangu lilijua tofauti hiyo? Mzigo ni mzigo.

Babu Karakana: Mama yuko sahihi kabisa. Na hayo magurudumu ya mizinga yalitengenezwa Dar es Salaam, nani alikuwa anashika nyundo kwenye karakana? Mimi nimefua chuma miaka 30, najua kazi ya kumtengenezea mzinga wa meli gari la kuvutwa na watu, ukikosea ekseli mzinga unaua wavutaji.

Chuma Mkavu: Jamani nilileta Panther na Sherman.

Nuru: Panther imeshajibiwa, mzinga bora, gari bovu. Msafiri, pale Fort Jesus kuna kibao kinachowataja wapagazi?

Msafiri wa Rufiji: Nilisoma jina la meli tu nikapiga picha nikaondoka. Mwezi ujao napita Mombasa, nitasimama nikisome chote.

Mama Kariakoo: Kisome, halafu urudi hapa uandike.